Kamati ya Uani

Marehemu Leokadia alikuwa mtu wa mzaha, na mzaha wake ulibaki uani baada ya mwenyewe kuzikwa. Kuku wake aliwapa vyeo badala ya majina. Yule mwekundu mwenye shingo nene alikuwa Mwenyekiti. Mweusi aliitwa Katibu, wa madoadoa Makamu, na wa mwisho, aliyesukumwa na wenzake tangu ujana wake, alikuwa Mjumbe. Domina alipoolewa na Polycarp, mgane wa Leokadia, na kuletwa kutoka Bukoba hadi nyumba ile ya Weston, Kanada, aliikuta kamati imeketi, na wala haikumnyanyukia.

Polycarp alimpokea uwanja wa ndege kwa utani. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, alimwambia, vumilia tu, utazoea. Domina akacheka, kwa maana kuzoea hakukumtisha. Alikuwa na miaka thelathini na mitano, mikono yenye nguvu na moyo mweupe, na aliamini kwamba mtoto aliyefiwa na mama hakatai kupendwa.

Mtoto mwenyewe ni Jacqueline, miaka kumi na miwili. Laiti angekuwa na jeuri, Domina angejua pa kuanzia. Lakini Jacqueline alisalimia, alikula, alishukuru, yote kwa Kiingereza. Domina akimsemesha Kiswahili, mtoto anaelewa kila neno, anajibu kwa Kiingereza, halafu anaondoka. Hakumwita mama mdogo, hakumwita hata shangazi. Hakumwita chochote. Polycarp alisema watoto wa huku ndivyo walivyo, lugha imeshawapotea. Yeye alikuwa mhasibu, anapanda treni ya asubuhi kwenda mjini na kurudi jioni amechoka, na mambo mengi ya nyumba yake aliyaona yakipita kama vile anavyoviona vituo dirishani.

Lugha haikuwa imempotea mtoto. Siku moja Domina alikuwa akiosha vyombo, dirisha la jikoni liko wazi, akamsikia kule bandani.

"Haya kamati, njooni. Mwenyekiti, acha uroho, mwachie mwenzako naye ale."

Kiswahili safi kabisa, chenye mapigo ya Kagera, ambacho bila shaka kilikuwa cha mama yake. Domina alisimama na sahani iliyolowa mkononi mpaka maji yakapoa. Tangu siku hiyo hakutaka kitu kingine Kanada yote, si gari, si kazi nzuri zaidi ya ile ya kulea wazee aliyokuwa nayo. Alitaka sentensi moja tu ya namna ile, iwe yake.

Ukapita mwaka. Kiangazi cha 1997 Makamu akafa kwa uzee. Jacqueline alimzika kando ya uzio na siku mbili hakugusa chakula. Domina akaona hatari iliyoko mbele: wale watatu nao ni vikongwe, watakwisha mmoja mmoja, na Kiswahili cha mtoto kitazikwa nao. Basi akampelekea shauri. Wanunue matetea wawili, ili banda lisije likabaki tupu.

Jacqueline alikwenda kwanza kulitazama banda. Kisha akakubali, kwa Kiingereza, ila kwa sharti moja. Wageni wakae gereji mwezi mzima, mbali na wenzao. Mama yake ndivyo alivyofanya kila mara, maana ugonjwa wa mgeni hauonekani mlangoni.

"Mwezi mzima," Domina akasema. "Nakuahidi."

Mwanzoni mwa Novemba wakaenda wote wawili kwenye shamba moja kaskazini ya mji, na njia nzima ya kurudi mtoto alipakata boksi lenye matundu. Domina alimwuliza atawapa vyeo gani. Jacqueline akajibu kwamba bado hawajachaguliwa, na akacheka. Alicheka kwa Kiingereza, kama ukipenda kusema hivyo, lakini alicheka, na Domina aliendesha gari akiwa haamini bahati yake.

Hapo angetulia. Angesubiri tu. Lakini nani husubiri akishaonjeshwa?

Mwezi haujafika nusu, Jacqueline akaenda Etobicoke kwa dada yake Polycarp kulala huko Ijumaa na Jumamosi. Baridi nayo ikaingia kwa pupa, hata ndoo ya maji ya wale wageni gerejini ikafanya utando wa barafu. Banda lilikuwa na taa ya joto; gereji haikuwa na kitu. Domina aliwakuta matetea wamebanana pembeni, mmoja akipiga chafya. Kwani nani hapigi chafya kwenye baridi ile? Yeye mwenyewe alikuwa akipiga.

Kwao Bukoba kuku mgeni hufungwa kamba mguuni katikati ya wenzake, siku chache tu, wanamdonoa, anawajua, wanamjua, kamba inafunguliwa. Kuku wangapi mama yake Domina aliwafuga hivyo! Mwezi mzima gerejini, hayo aliyaona ni mambo ya watu wenye nafasi ya kudekeza kuku. Basi alijiambia ni huruma, na huruma kweli ilikuwepo. Lakini tuseme yote. Alikuwa amechoka na sheria za marehemu. Sufuria ziliwekwa alipoziweka Leokadia, mapazia yalifungwa alivyoyafunga Leokadia, na sasa hata kuku wake yeye, aliowachagua mwenyewe, waishi kwa amri ya Leokadia? Akachana kanga kuukuu vipande viwili, akawafunga matetea mguu mmoja mmoja, akawaingiza bandani.

Mwenyekiti alimshukia tetea wa kwanza kwa mdomo na kucha, Katibu akasaidia, hata Mjumbe, aliyesukumwa maisha yake yote, naye akapata wa kumsukuma. Domina alikaa karibu na fimbo, akiamua ugomvi. Kufika Jumapili jioni makelele yalikuwa yamekwisha, Domina amewafungua kwenye nguzo, na kuku wote watano walikuwa juu ya ubao mmoja wa kulalia.

Jacqueline alirudi, akaenda moja kwa moja bandani, akasimama huko mpaka Domina alipomfuata. Mtoto aliuliza swali moja: mwezi umekwisha?

"Wamezoeana," Domina akasema. "Watazame mwenyewe."

Jacqueline akawatazama. Mwenyekiti alikuwa amemwegemea tetea mmoja, macho yamefumba. Uso wa mtoto ukalegea. Akasema sawa, na jioni hiyo, bila kuombwa, alipanga sahani mezani, akala ndizi za Domina akaongeza. Wiki ile ilikuwa tamu kuliko zote ambazo Domina aliwahi kuzipata ughaibuni. Mtoto aliwatawaza matetea, mmoja Makamu, mwingine Mhazini. Polycarp akasema si nilikwambia utazoea.

Jicho la Mwenyekiti ndilo lililoanza kuvimba. Kisha ute puani, kisha ile harufu, na Domina aliijua kabla hajafika bandani. Mafua ya kuku. Alimpaka, alimkanda, alimchanganyia vitunguu saumu kwenye maji, akimwomba Mungu kwa Kihaya. Katibu akaanza kukoroma. Wakamchukua Mwenyekiti kwa daktari wa mifugo, naye, kabla hata ya kuvaa glovu, akauliza kama kuku wapya wameingizwa bandani karibuni. Domina alifungua kinywa. Jacqueline alimtangulia, akajibu ndiyo, akiitazama sakafu. Daktari akaeleza kwa upole kwamba hao wapya huenda waliugua utotoni wakapona, wanaubeba ugonjwa, hauwaui. Akatoa dawa ya kutia kwenye maji, akasema kwa kuku wazee hawezi kuahidi kitu.

Garini Domina alisema samahani. Alisema tena. Mtoto alikuwa amemkumbatia Mwenyekiti ndani ya sweta lake na hakugeuza uso.

Mwenyekiti alikufa, akafuata Katibu. Mjumbe alijikaza kidogo, kisha naye akafia jikoni mapajani mwa Jacqueline, wakati Domina amepiga magoti mbele yao na bomba la dawa ambalo halikuwa na kazi tena. Polycarp alitoka na sururu kwenda kuchimba kando ya uzio, pale alipo Makamu wa zamani. Ardhi ilikuwa imeganda. Alipiga mpaka mpini ukamchubua viganja, na udongo haukukubali zaidi ya mikwaruzo. Mwishowe akawatia wote watatu kwenye mfuko mweusi, akautoa barabarani pamoja na takataka, kwa sababu hakujua afanye nini kingine, na Jacqueline alimtazama kutoka dirishani mpaka akamaliza.

Domina hakulala. Alitamani mtoto amtukane, avunje kitu, aseme wewe si mama yangu. Hilo angelipokea. Alitamani hata Leokadia ainuke aje kumshtaki, walau wangezungumza watu wazima wawili. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu alikuwa amekuja kukaa.

Asubuhi Jacqueline alivaa koti la shule, akachukua kikombe cha chakula cha kuku kama ilivyo desturi yake, akatoka uani. Domina alisimama dirishani. Alimwona mtoto amesimama mbele ya banda, mdomo unataka kuita, hauiti. Matetea wawili wakatoka wenyewe, wanene, manyoya yanang'aa, mmoja angali na kipande cha kanga mguuni ambacho hakuna aliyekumbuka kukifungua. Wakaparuza theluji miguuni pake, wakimdai haki yao. Hakuwamwagia hata punje.

Aliingia ndani na baridi yake, akasogea mpaka alipokuwa Domina, akamwekea kikombe mkononi. Akamtazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu siku ya daktari.

"Kuku wako wamepona," akasema. "Kawape chakula."

Kiswahili safi kabisa, chenye mapigo ya mama yake. Halafu akachukua mkoba, akafunga mlango taratibu, akaenda shule. Kikombe kilikuwa kimejaa. Uani matetea walikuwa wakiita, na Domina hakuweza kunyanyua mguu.