Koleo Mkononi mwa Da-on

Mkurugenzi Pyo Kyong-suk alipopewa malalamiko ya Da-on ayaamue, alicheka mpaka miwani ikamteleza puani. Msichana ana akili za kuandika programu zinazoendesha nusu ya kampuni, halafu analalamika kwamba kila wakila pamoja yeye, mwanamke pekee wa idara, ndiye anayechomeshwa nyama mezani! Pyo mwenyewe aliwachomea mabosi nyama usichana wake wote, na leo ana ofisi ya ghorofa ya juu, mtaa wote wa Pangyo uko chini ya dirisha lake. Harufu ya mafuta kwenye nywele haijamuua mtu.

Lakini Da-on alikuwa amesema jambo jingine: anayechoma hasikilizwi, na kazi kubwa hugawiwa hapo hapo mezani. Ndiyo maana kila mara uongozi unamwendea mwingine. Malalamiko yakitupwa, yeye anafungasha virago. Pyo ana kiburi, ila havumilii dhuluma. Akasema ataenda akaone kwa macho yake.

Bosi Tak, mkuu wa idara hiyo, akaitisha chakula cha pamoja mkahawani, tena cha mchana, asije akaambiwa anawalewesha watu. Wanaume walikuwa wamefundwa wakafundika. Tak akalikamata koleo yeye mwenyewe.

"Leo nachoma mimi! Da-on, wewe kula tu."

Alichoma kweli. Upande huu mkaa, upande ule mbichi, moshi mpaka machozi.

"Bosi, hiyo nyama ilikukosea nini?" Da-on akauliza, meza nzima ikaangua kicheko.

Pyo hakucheka. Alikuwa na njaa, na mwenye njaa hana miiko.

"Hebu acheni kututesa. Da-on, mwanangu, shika wewe hilo koleo. Hawa watatushindisha njaa."

Da-on akamtazama kidogo, kisha akalipokea. Nyama ikaanza kunukia. Wanaume wakashusha pumzi, wakageukiana, soga zikanoga. Tak akasema mfumo mpya wa malipo unatafuta kiongozi. Ki, kijana aliyeajiriwa majuzi tu, akasema yeye yuko tayari.

"Nani kama Ki!" mmoja akadakia, wakagonganisha glasi.

"Lakini huo mfumo nimeuandika mi..."

"Da-on, hapa panaungua! Na huku kitunguu saumu kimeisha!"

Akageuza, akakata kwa mkasi wa nyama, akagawa. Pyo, kipande kitamu kikiwa mdomoni, akaacha kutafuna. Aliona aibu, aibu ya kupasha masikio moto. Kazi ilikuwa imeshagawiwa, na sahani ya Da-on ilikuwa bado haijaguswa.

Walipotoka nje, Tak akamfuata Pyo, meno yote nje.

"Mkurugenzi, si umejionea? Hakuna mwanamume hata mmoja aliyemwambia achome. Umemwambia wewe!"

"Ndiyo maana namwamini Da-on," Pyo akasema.

"Sijakuelewa."

"Mimi mwanamke, tena nimekuja kuhukumu jambo hilo hilo. Nimeona njaa, mkono wangu ukamwendea yeye moja kwa moja. Sasa ninyi ambao hamkuja kuhukumu chochote, mmemfanyia mara ngapi?"

Pyo akamwonyesha mlango wa mkahawa.

"Huo uongozi haujagawiwa, Tak. Kesho tunaanza upya ofisini, na Da-on ndiye atakayeanza kusema. Sasa nenda kamwagizie chakula. Tumeshiba sote, yeye hajala."