Mfuniko wa Vidole Vinane

Lori la mchanga lilipovunja mfuniko wa mtaro asubuhi ile, fundi wa kuchomelea alikuwa kibandani kwake, hatua ishirini tu kutoka hapo. Alisikia zege likipasuka, akasikia dereva akiongeza mwendo, kisha akamsikia mama yake akiuliza ni nani sasa atakayemvusha.

Mtaro huo ndio mpaka. Huku ni Mtaa wa Juu, ambako fundi ni mwenyekiti wa chama cha ulinzi na usafi. Kule ni Mtaa wa Chini, wenye chama chao, na mwenyekiti wao ni dada yake fundi, mshonaji wa nguo: tumbo moja, baba mmoja, ubishi mmoja. Mama yao anaishi kwa fundi, na kila siku saa nne huvuka kwenda kwa binti yake kunywa chai na kumchambulia vifungo. Macho yamefifia, lakini vidole vyake hutofautisha kifungo cha shati na cha koti vizuri kuliko mwenye duka. Daraja jingine liko barabara kuu, na huko malori hayamjui mama wa mtu.

Ungedhani mtu mwenye mashine na vyuma tele angelimaliza jambo hilo kabla ya chakula cha mchana. Hata yeye alidhani hivyo. Lakini katibu wake, mzee mwembamba aliyeitwa Bwana Futi kwa sababu haachi futi yake ya kupimia hata msibani, alimshika mkono. Alimweleza kwamba ukitengeneza mfuniko, mfuniko ni wako. Mfuniko ukiwa wako, mtaro ni wako. Na mtaro ukiwa wako, kila panya atakayefia humo utaitwa wewe umzike. Kikao kikaunga mkono. Kikao cha upande wa pili nacho kikasema vivyo hivyo.

Wiki tatu zikapita kwa barua. Ndiyo, barua, baina ya watu wanaoweza kuombana chumvi bila kupaza sauti. Tena ikakubaliwa kwamba viongozi wasikanyage upande wa pili mpaka suala liishe, kwa hiyo kila saa nne dada alisimama ukingoni na kumsalimia mama yake kwa mbali, kama mtu anayemuaga msafiri.

Mama alirudi kibandani, akakaa kwenye kiti na kumfundisha mwanawe kuchomelea. Wiki ya kwanza alimsuta kutwa. Wiki ya pili alimsuta hadi adhuhuri. Fundi akampa bakuli la nati na skrubu achambue. Mama akazishika kidogo, akasema zina baridi. Wiki ya tatu akanyamaza kabisa, mikono mapajani, vidole vikisugua kitu ambacho hakikuwepo. Fundi aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Alitamani asutwe.

Ndipo akaandika barua bila kumwonyesha Bwana Futi: kila chama kitengeneze nusu ya mfuniko, na nusu hizo zikutane katikati. Jibu la dada lilikuja kabla ya wino wake kukauka vizuri. Bwana Futi, alipopata habari, alinuna, kisha akatoa futi yake.

"Tupunguze vidole vinne, mwenyekiti," alisema. "Tusije tukaambiwa tumeingia kwa watu."

Fundi akapunguza. Alichosahau ni kwamba kila chama kina Bwana Futi wake.

Jumamosi mitaa yote miwili ikatoka na mafagio na majembe. Walizibua mtaro kwa furaha ya watu waliokosana muda mrefu na kuchoka, wakaopoa kengele ya mikutano ya Mtaa wa Chini, ambayo Mtaa wa Juu ulituhumiwa kuiiba. Kisha nusu mbili zikasimikwa kwa miguu yake ya chuma, na katikati likabaki pengo la vidole vinane. Makatibu wakapima mara mbili. Kila mmoja akathibitisha kwamba pengo ni la mwenzake.

Mama alikuwa amesikia vyuma vikitua, na saa nne ilikuwa imefika. Kabla mtu hajamwahi alikwisha panda mfunikoni, tok, tok, mpaka fimbo yake ikazama na kunasa. Akasimama.

"Hapa ni kwa nani?" akauliza.

Bwana Futi akasema, kwa heshima zote, kwamba hapo hasa si kwa mtu.

"Basi mimi nitakaa hapa pasipo na mtu. Nileteeni kiti. Chai nitanywea hapa, na vifungo nileteeni hapa hapa. Mwenye haraka apite juu yangu."

Kiti kikaletwa, miguu miwili Juu, miwili Chini. Dada akaja na chai kutoka upande wake, fundi akaja kushika kiti kutoka upande wake, na wakajikuta wamekaribiana hadi magoti yanagusana. Mama akapapasa mpaka akaupata mkono wa binti yake.

"Wiki tatu," akasema taratibu. "Na nyote nimewazaa nyumba moja."

Fundi alikwenda moja kwa moja kwenye kibao cha bati nene kilichoandikwa MWISHO WA MTAA WA JUU, akaking'oa na nguzo yake. Bwana Futi akauliza watu watajuaje mtaa unaishia wapi.

"Watauliza," fundi akasema.

Dada akamshika mama, wakasogea upande wa Juu kupisha cheche, na hakuna aliyekumbuka kwamba dada hana ruhusa ya kukanyaga hapo. Bwana Futi alikumbuka, lakini alikuwa ameshakabidhiwa kikombe cha chai.

Kibao kikachomelewa juu ya pengo, kikapigwa nyundo, kikapoa. Mama akavuka, dada pembeni yake, fundi nyuma. Katikati mguu wake ukasita.

"Mbona hapa pana mikwaruzo?"

"Maandishi, Mama," fundi akasema.

"Yanasemaje?"

Fundi akamtazama dada yake. Dada akatazama chini, kwenye herufi zile kubwa.

"Yanasema pita, Mama."

Mama akalikanyaga bati mara mbili kulijaribu, kisha akaendelea na safari yake.

"Mmechelewa kuandika," akasema.