Kompyuta ya Deo na Salamu za Cornel

Miaka ile simu za mkononi zilipoanza kushika Mikumi bila mtu kupanda juu ya kichuguu, Deo alinunua kompyuta iliyokwisha kutumika huko Dar es Salaam, akaja nayo kwenye basi ameipakata mapajani. Mkewe Tumwagile alidhani ni ya kuandikia wageni wa gesti yao. Wapi! Deo aliitaka kwa muziki. Aliingiza humo kila sidii aliyoweza kuazima, akavuta waya kutoka chumbani kwake hadi kwenye spika za ukumbini, za jikoni na za uwani walikoegesha madereva wa malori. Nyumba nzima ikawa inaimba kutoka mahali pamoja. Mgeni akitaka wimbo alipaza sauti dirishani, Deo akabonyeza. Nyani waliukata waya wa uwani, akauunga, wakaukata tena, akawatukana na kuuunga tena.

Siku moja Tumwagile aliingia na kitambaa kibichi ili afute kioo. Deo aliruka kitini.

"Mama Sesilia! Kompyuta haifutwi hivyo!"

Akamkalisha chini, akamfundisha: unachagua kitu, unabonyeza hapa, kinaingia kwenye pipa la taka. Ukilimwaga pipa, kimefutika moja kwa moja.

"Huku ndiko kufuta. Kitambaa chako kibaki jikoni."

Tumwagile alishika somo barabara. Walimu wengi huomba wapate mwanafunzi wa namna hiyo, ila Deo alikuja kujuta kumpata.

Sasa, kati ya nyimbo zote za mle ndani, mmoja haukupatikana dukani popote. Ulikuwa wa Cornel, shemeji yake Deo, aliyekuwa mwimbaji wa bendi ya shamba la mkonge kule Kilosa na akafa kwa homa angali kijana. Mjane wake, Filomena, dada mkubwa wa Deo, aliitunza kanda yake miaka yote, akaivingirisha ndani ya khanga, hata redio yake ilipokufa na asiweze kuisikiliza tena. Deo alipomwahidi kuiingiza kwenye kompyuta, dada alimkabidhi kwa mikono miwili. Wimbo uliingia vizuri. Kisha Deo, kwa tamaa ya kuusikia mara moja zaidi, aliirudisha kanda kwenye deki, na deki ikaitafuna yote. Alimwambia dada yake ukweli. Filomena akasema, "Basi sauti iko salama huko kwenye mashine yako. Nitakuja kuisikia."

Ijumaa Deo akaenda Mabwerebwere, kijijini kwa dada yake, kumchukua. Jioni akapiga simu nyumbani, akipiga kelele kwa sababu mtandao ulikuwa unakatika.

"Mama Sesilia! Kesho tunakuja na dada. Hiyo kompyuta uifute yote! Isibaki hata chembe!"

"Yote?"

"Yote! Dada asije akanicheka!"

Simu ikakatika.

Kwenye basi kesho yake Filomena alikuwa na raha ya msichana. Alimsimulia mdogo wake jinsi Cornel alivyoanza kila dansi: anawaamkia wazee kwanza, halafu anawasalimu vijana, na yeye na wasichana wenzake wanaitikia kwa kelele mpaka msimamizi wa shamba anaziba masikio.

"Wazee wa shamba zima waliamkiwa na Cornel," alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa namwamkia yeye kila asubuhi, na maji ya kuoga nimeshika mkononi. Alikuwa akiitikia kwa maringo huyo!"

Walifika mchana. Tumwagile alipiga goti, "Shikamoo, wifi," akapokea mzigo, akamketisha Filomena kwenye kiti kilicho karibu na spika. Deo aliingia chumbani. Kioo kilikuwa na vumbi lilelile la juzi. Alifungua kwenye nyimbo. Patupu. Akafungua pipa la taka. Nalo limemwagwa.

"Mama Sesilia," aliita, "umefanya nini?"

"Nimefuta, kama ulivyosema. Nilishangaa, lakini nikasema mwenye mali ni wewe."

"Nilisema vumbi!"

"Vumbi hukulitaja, Baba Sesilia. Na kitambaa ulinikataza mwenyewe."

Deo alikaa kitandani. Aliona aibu, lakini zaidi ya aibu alimwonea dada yake uchungu mkubwa, kwa sababu alikuwa amempokonya mumewe mara mbili, kwanza kwa deki na sasa kwa kinywa chake. Akatoka akamweleza yote, macho yake yakiwa sakafuni.

Filomena alijifunika uso kwa upande wa khanga.

Tumwagile ndiye aliyeshtuka kwanza. "Ngoja! Si Lupakisyo huwa anautaka wimbo huo mpaka wapishi wanamzomea?"

Lupakisyo alikuwa dereva wa lori la Tunduma. Kweli, safari iliyopita alimganda Deo mpaka akamtengenezea sidii yenye wimbo huo ya kusikiliza njiani. Wakampigia. Hakupatikana. Wakapiga tena na tena, mpaka akapokea, yuko Ruaha Mbuyuni anakula samaki.

"Wimbo wa yule bwana wa mkonge?" alicheka. "Unaimba hapa hapa kwenye lori! Nakuja."

Alasiri lori likaingia uwani likipiga honi. Lupakisyo akashuka, akamwamkia Filomena, aliyekuwa ametoka uwani, kwa adabu zote, akampa Deo sidii kwa mkono wa kulia, ule wa kushoto akiushika chini ya kiwiko. Deo aliiingiza kwenye kompyuta kama mtu anayebeba yai. Safari hii aliunakili wimbo mara mbili kabla ya kuupiga. Kisha akabonyeza.

Spika zote zikakwaruza pamoja. Wapishi wakatoka jikoni. Gitaa likajaribiwa, mtu akakohoa, halafu sauti changa, yenye furaha, ikajaa uwani:

"Shikamooni, wazee wangu!"

Filomena alikuwa ameshika pumzi akingojea zamu yake, ile ya vijana. Midomo ilikuwa tayari. Ghafla akageuka kushoto na kulia: Deo kule dirishani ana mvi chache, Lupakisyo bado kijana, wapishi ni watoto wa juzi. Mzee pale uwani alikuwa mmoja tu. Na aliyekuwa akiamkia alikuwa kijana mdogo kabisa.

"Marahaba," aliitikia polepole. Kisha kwa maringo, kidevu kikiwa juu: "Marahaba, Cornel!"

Akaangua kicheko, machozi yakamtoka humo humo ndani ya kicheko, na wote wakacheka naye, Tumwagile akimshika bega. Wimbo ulikuwa umeshaanza, ngoma zimeingia, Lupakisyo ameshaanza kutikisa mabega. Filomena alipunga mkono kuelekea dirishani.

"Deo! Hebu irudishe nyuma. Aniamkie tena."