Mlango wa Mfano

Asubuhi ya kwanza baada ya kutoka gerezani, Fundi alimaliza kuoga, akavaa, akasimama nyuma ya mlango wa bafu akingoja kufunguliwa. Jikoni maji yake ya chai yalichemka mpaka sufuria ikaanza kunuka. Dada yake mkubwa alikuja kugonga, akauliza kama amehamia humo. Fundi alijibu kwamba kitasa hakipo.

Dada alifungua kwa nje, akatazama. Kweli, upande wa ndani ubao ulikuwa laini kama haujawahi kutobolewa. Fundi alipotoka tu, kitasa kikarudi mahali pake.

Ikawa hivyo kila mlango. Kuingia aliingia vizuri, ila akishakuwa ndani na mlango umefungwa, kitasa cha ndani kinaondoka, na yeyote aliye naye humo hana cha kushika. Shemeji yake, seremala, alipiga kitasa kipya cha chuma. Kikazama kwenye ubao polepole, kama sukari kwenye chai.

"Shemeji, hiki hata risiti yake ninayo," alisema, akakusanya vifaa vyake.

Watu walizoea. Jirani akipita hufungua bila kukatisha mazungumzo yake. Fundi alipanga chumba, akaweka cherehani, na mchana mlango ukawa unazuiwa na tofali usijifunge. Wateja walikuja, kwa sababu mkono wake kwenye mshono ulikuwa haujaharibika. Lakini usiku mlango lazima ufungwe, wezi hawana likizo. Hapo ndipo dada alipokataa kumtoa Kijino, binti wa Fundi mwenye pengo la jino la mbele, ambaye yeye dada ndiye aliyemlea muda wote huo.

"Mdogo wangu, mtoto ni wako, sikunyimi," alisema. "Ila moto ukiwaka usiku, mtakaa humo mnamngoja nani?"

Fundi alijua dada hakosei. Alimshonea Kijino gauni lenye upindo mrefu wa kufumuliwa baadaye, akaendelea na kazi.

Gereza lilipotaka kujenga jengo jipya la wanawake, msanifu majengo aliwaita waliowahi kufungwa waje kujaribu chumba cha mfano kilichojengwa uani. Fundi alikwenda. Dirisha lilikuwa chini kiasi cha mtu aliyeketi kuona mti. Kuta zilipakwa rangi isiyoumiza macho. Na mlango ulikuwa na kitasa ndani, pamoja na ufunguo wa mwenye chumba. Msanifu alieleza kwamba mtu anayejifungia mwenyewe halali kwa kuviziana na wenzake, kwa hiyo haamki na ugomvi. Askari naye anabaki na ufunguo wa nje kwa dharura.

Askari mwanamama aliyemfungia Fundi miaka yote alikuwa amesimama pembeni. "Karibu nyumbani, Fundi," alisema.

Fundi aliingia, akafunga. Kitasa kilibaki. Alikizungusha, akatoka. Akaingia tena, akafunga, akatoka.

"Wenzio wanalia watoke, wewe unarudi," askari alisema.

"Nahakikisha kama ni mimi ninayefungua."

Alimwambia msanifu aweke vile vile vyumba vyote. Msanifu alifurahi. Mkuu wa gereza, mama mpole aliyependa kutania, alisifu dirisha na rangi, kisha akagusa kitasa kwa kidole kimoja.

"Mfungwa akishika ufunguo," aliuliza, "mimi nitashika nini?"

Watu walicheka. Msanifu naye alicheka, maana kazi bado aliihitaji. Vitasa vya ndani vikaondolewa kwenye ramani, jengo likapanda.

Chumba cha mfano kilipobomolewa, Fundi aliomba mlango. Askari aliupakiza kwenye mkokoteni mwenyewe. Shemeji aliupiga randa kidogo chini, ukakaa sawasawa kwenye chumba cha Fundi. Mbele ya dada yake, Fundi alijifungia, kisha akazungusha kitasa na kutoka. Dada aliingia naye ndani, wakafunga, akajaribu kwa mkono wake. Halafu akaenda kukunja nguo za Kijino. Alizikunja taratibu sana.

Milango mingine yote bado humkatalia Fundi. Huu mmoja unamtosha.

Sasa wanawake wanaotoka kwenye jengo jipya hupitia kwake kwanza. Askari wa getini ndiye anayewaelekeza. Mgeni analala usiku mmoja, na asubuhi anaoga, anavaa, anasimama nyuma ya mlango akingoja. Kijino, ambaye jino lake la mbele limeshaota, humwambia kutoka kitandani bila kuinua kichwa:

"Zungusha tu, mama mdogo. Hicho hakikimbii."

Mgeni anazungusha, anatoka. Fundi anasogeza cherehani ukutani ili godoro la anayefuata lipate nafasi. Kule gerezani wameanza ghorofa ya pili. Milango imeshafika, imepangwa uani juani, na upande wa ndani yote ni laini.