Sahani ya Kwanza

Kila Jumamosi jioni, Verna Pelkey alifukua sufuria la maharage lililolala tangu jana yake shimoni juu ya makaa, nyuma ya kanisa, kijijini kwao Maine, Marekani. Mpishi ndiye hula sahani ya kwanza, na hakuna agusaye kijiko mpaka aimalize. Akishindwa, humkabidhi mwingine beleshi la kufukulia, naye ndiye mpishi. Verna alikuwa nalo miaka thelathini na moja, na duniani hakuwa na fahari nyingine.

Julai, akichuma matunda ya blueberi, kupe alimng'ata mgongoni. Mumewe, Alton, alimbandua kwa kucha, akamtupa jikoni motoni, yakaishia hapo. Agosti tumbo likagoma. Chakula kilishuka kikakaa palepale. Vijiko vitatu tu kavimba, kisha anatapika cha juzi. Nguo zote zikampwaya.

Daktari, kijana mwenye adabu zake, alipima damu asione kitu.

"Ingekuwa homa ya kupe, mama, tungeona duara jekundu kwenye ngozi," alisema. "Haya ni mawazo tu."

Basi duara likaja. Lilitokea kwenye bakuli lake la uji, jekundu, katikati jeupe, na sabuni haikulitoa. Wiki iliyofuata lilikuwa kwenye kitambaa cha meza, kisha sakafuni, na Alton akasogeza kiti chake asilikanyage. Verna alilifunga lile bakuli kwenye taulo akalipeleka kliniki. Daktari aligeuza bakuli huku na huku, akakiri kwamba ni duara zuri, la kuonyesha wanafunzi kabisa. Ila fomu inauliza ngozi. Akaandika: wasiwasi. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Jumamosi ya mwisho ya Oktoba, duara liliuzunguka ukumbi wa kanisa, upana wa hatua moja, likipita juu ya nyasi, magari mawili na paka wa mchungaji. Watu waliliruka, wakaingia, wakaketi. Daktari naye alikuja, maana alipenda maharage.

Verna alikula vijiko vitatu. Cha nne kikakataa. Watu themanini walimtazama, mikono mapajani.

"Pumua kwanza, mke wangu," Alton alinong'ona. "Watakusubiri."

"Hawanisubiri mimi, Alton. Wanasubiri maharage."

Aliinuka, akalichukua beleshi pale ukutani, akampa wifi yake Glenys. Glenys alilipokea kwa mikono miwili, machozi yakimtoka, akaketi akaimaliza sahani. Ndipo vijiko vikaanza kulia ukumbi mzima. Verna alikwenda kusimama mlangoni. Hilo lilimuuma kuliko tumbo.

Daktari aliongeza maharage mara mbili. Akitoka, alimshika Verna bega.

"Umefanya vizuri kupumzika, mama. Ukiacha kuwaza, tumbo litatulia lenyewe."

Verna alimwambia ahsante, ajihadhari pale chini, rangi haitoki. Daktari alishukuru, akakunja suruali hadi magotini, akaliruka duara, akaenda zake.