Kupanda Luhungo

Mara ya kwanza ugonjwa ulimjia Sabra machoni. Aliamka nyumbani kwake Mafiga, jicho la kushoto likiona ukungu mtupu. Baada ya wiki kadhaa ukungu ukaondoka wenyewe. Mwaka uliofuata miguu ilikufa ganzi, nayo ikarudi. Kila akipona alipanda kwa mama yake, juu mlimani Luhungo, kupita pale pikipiki zinapoishia na njia ya miguu inapoanza. Akishafika kwa miguu yake, ndipo aliposadiki kwamba kweli amepona.

Daktari mmoja wa Dar, baada ya kumpiga picha ya ubongo, alimpa jina la ugonjwa: MS. "Kinga ya mwili wako inashambulia ganda la mishipa ya fahamu," alimweleza. "Wako ni ule wa kuja na kuondoka."

Kliniki alikutana na Ernest, mwalimu mstaafu wa Mzumbe. Wa Ernest haukuwahi kuondoka tangu ulipoanza. Ulizidi tu, polepole.

"Wewe unapewa likizo," Ernest alimwambia.

Sabra alifurahi, kisha akaona aibu kwa kufurahi.

Likizo hizo zilikuja kwisha. Safari hii mguu wa kulia ulianza kuburuzika bila kishindo, na miezi ikapita.

"Nasubiri ugonjwa uondoke, daktari."

"Nao umebadilika, Sabra. Siku hizi unaenda mbele tu. Tutabadilisha dawa, utafanya mazoezi, huenda tukaupunguza mwendo. Lakini kilichokwishapotea siwezi kukuahidi kwamba kitarudi."

Asubuhi alikaa barazani akiitazama milima. Mama naye magoti hayakumruhusu kushuka, hivyo walibaki na simu.

"Unapanda lini, mwanangu?"

"Nikipata nafuu, mama."

Siku moja Hatibu, mumewe, aliyasikia mazungumzo hayo. Simu ilipokatwa akamuuliza taratibu, "Nafuu gani unayoisubiri?"

Sabra aliigeuza simu mapajani.

"Nimeongea na kaka yako Sufiani. Yeye na vijana wa kule watakubeba kwa machela."

"Machela ni ya kushusha wagonjwa, Hatibu. Wagonjwa na maiti."

"Safari hii itampandisha mtu kwa mama yake."

Alikataa kwa majuma mawili, halafu akakubali. Siku ya kupanda, machela ilipofika kwenye kona alipozoea kuvua viatu ili asiteleze, alijifunika uso kwa mtandio akalia. Karibu na nyumba aliomba ateremshwe. Akatembea hatua za mwisho kwa fimbo, mkono mmoja umeshikwa na Hatibu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umechelewa, mwanangu."

"Ugonjwa huu hauondoki tena, mama."

Mama alimshika shavu, akamshika kwa muda mrefu. Kisha akamwekea ungo wa maharage mapajani, wakaanza kuyamenya pamoja.

Chini yao wanawake walikuwa wanapanda kutoka sokoni, wakihema, migongo imelowa jasho. Sabra aliwatazama mpaka wakapita wote. Aliwaonea wivu kwa jasho lile.