Kichupa cha Mwisho

Piedade alichovya ncha ya brashi kwenye maji, akakaza jicho kwenye hadubini, akanyanyua gamba la kiumbe wa baharini, dogo kama chembe ya mchanga, na kulilaza kwenye sahani nyeusi karibu na wenzake. Chovya, nyanyua, laza. Ghafla pua ikamwasha, akapiga chafya.

Haikuwa chafya ya adabu. Magamba yote yakaruka.

"Yesu wangu!" Ermelinda, mwosha tope wa maabara, alikimbilia kuzima feni. Mbele ya feni hiyo alikuwa ameacha gunia wazi la pilipili kavu, akiba yake ya miezi ya mvua. "Niliogopa zitalowa huko nje!"

"Dada Ermelinda, hayo ni magamba ya tope la mwisho!"

Tope lilitoka chini ya bahari, mbele ya mdomo wa mto. Kila gamba lilitunza katika chokaa yake dalili za maji lilimoishi. Mwaka wa mvua kubwa mto ulimwaga maji matamu baharini, na gamba likaubeba mwaka huo hadi leo. Mchoro wa mvua za kale ulibakiza pengo moja, na magamba haya ndiyo yangeliziba. Lakini kilichomsumbua Piedade kilikuwa kingine. Pengo likizibwa, Caitan wa mashine ya kupimia magamba hatakuwa na sababu ya kupanda ngazi za maabara tena.

Na huyo akaingia. "Kichupa changu cha magamba kiko tayari?"

"Kiko sakafuni," Ermelinda alimjibu.

Caitan alicheka, akavua viatu, akapiga magoti na tochi. Piedade akashuka kando yake na brashi.

"Usipumue kwa nguvu," alimnong'oneza.

"Nisipopumua utanizika wewe?"

"Nitakuzika na pilipili."

Walitambaa chini ya meza huku wakibana vicheko. Kila kitone cheupe kilichong'aa kwenye mwanga wa tochi, Piedade alikigusa kwa brashi na kukirudisha sahanini.

"Hivi wengine si wanapeleka vichupa mashineni trei nzima kwa mpigo?" Ermelinda aliuliza akifunga gunia. "Nyinyi tangu Pasaka ni kimoja kimoja kila asubuhi, kama dawa ya kikohozi."

Masikio ya Caitan yaliiva. Piedade akazidi kuinamia sakafu.

"Bado moja," alisema hatimaye, akainua uso. Lilikuwa limenasa kwenye masharubu ya Caitan. "Tulia."

Akalinyanyua taratibu. Hakuna aliyepumua.

Alipofunga kichupa, matone mazito ya kwanza yaligonga vigae, na harufu ya udongo ikaingia dirishani.

"Samaki wangu wakavu kwenye pikipiki!" Ermelinda alitoka mbio, ndara zikipiga makofi ngazini.

Caitan alishika kichupa. Hakuondoka.

"Basi, hiki ndicho cha mwisho."

"Ndiyo."

"Nitakipima polepole."

Mvua ikashuka yote kwa pamoja. Piedade alipandisha sauti ili asikike, na kwa mara ya kwanza hakuinamia sakafu.

"Caitan, mashine yako inameza trei nzima kwa siku moja. Nilijua tangu mwanzo. Nilikuwa nataka uje wewe."